Kaburi la Muda

Siku nilipogundua kwamba nimelipoteza kaburi la mume wangu, shahidi alikuwepo, naye ni mama yangu mzazi. Tulikuwa tumeliacha gari kwenye kijia cha lami, mama ameshika mkoba wake na ufagio wa chelewa aliotoka nao Kenya, na mimi natangulia kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda. Nilipita mti wa kwanza, nikapita benchi, nikasimama. Mbele yangu palikuwa na nyasi tu.

Huku Houston makaburi mengi hayana mawe ya kusimama. Bamba la shaba hulazwa chini, sawa na udongo, ili mashine ya kukata nyasi ipite juu yake bila kukwama. Usipokuja kwa muda, nyasi nene za huku hutambaa juu ya bamba kutoka pande zote nne, na siku moja linafunikwa kabisa. Mimi sikuwa nimekuja kwa muda. Nisizunguke: sikuwa nimekuja karibu miaka miwili.

"Ni hapa?" mama aliuliza.

"Ni hapa hapa, mama."

"Hapa wapi?"

Mimi nina hasira za karibu, watu wangu wanajua, na hasira zikinipanda huwa natafuta wa kulaumu. Nikaanza na wenye makaburi. Nikasema ni wazembe, hawana hata kibao, nitawaandikia barua watanitambua. Mama aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akavua viatu, akaanza kutembea polepole huku akiikandamiza ardhi kwa kisigino. Hatua moja, anasimama, anausikiliza mguu wake, halafu hatua nyingine. Ana miaka themanini na kitu, na jua la Agosti lilikuwa limetukalia kichwani, kwa hiyo nilidhani joto limempata. Alisimama mahali, akainama, akachakura kwa kidole. Bamba la kwanza lilikuwa la mtu mwingine. La pili, hatua nne mbele, ndilo lilikuwa lake.

"Huyu hapa," alisema. "Leta mikono yako."

Tulipiga magoti tukang'oa. Chini ya nyasi kulikuwa na shaba, na kwenye shaba jina la mume wangu, herufi zake zimejaa udongo. Nililia kwa sauti, na zaidi ilikuwa aibu kuliko huzuni.

Inafaa nieleze ilivyokuwa. Mume wangu alifariki mwaka ule wa korona, katika hospitali ambayo si ile ninayofanyia kazi, na mimi ambaye ni nesi sikuruhusiwa hata kuingia chumbani kwake. Ndege zilikuwa zimesimama. Kumsafirisha hakukuwezekana, kwa hiyo tulimzika huku, watu kumi tu, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake. Nikawaambia ndugu zake kule Machakos kwamba pale yuko kwa muda. Nikasema mipaka ikifunguliwa nitamfukua nimlete kwao, alale kando ya wazazi wake. Nilisema hivyo kwa kaka yake mkubwa, kwa kinywa changu, na nilipokuwa nikisema niliamini.

Basi akawa mtu wa muda. Sikumpandia ua, sikumletea chochote, kwa sababu nilijiambia yote nitamfanyia siku atakapofika kwao. Mipaka ikafunguliwa. Mwaka wa kwanza nilikwenda mara chache, nikisimama dakika mbili na kuondoka, halafu nikaacha. Kule mtaani kwetu Missouri City, pembeni mwa Houston, nyasi zangu zikizidi kimo cha kidole napata barua ya kunionya kutoka kwa chama cha wenye nyumba, na huzikata siku hiyo hiyo huku nikiwalaani. Makaburini hakuna aliyeniandikia.

Aliyekuwa akinikumbusha ni shemeji yangu, huyo kaka mkubwa. Kila Jumapili alipiga simu, akaniuliza habari za kazi na za binti yangu aliye Mesquite, kisha akasema, "Sasa, shemeji, tumefika wapi?" Nami nilikuwa na jibu langu. "Bado permit ya kumfukua, shemeji. Nime-apply, county hawajajibu." Sikuwa nime-apply chochote. Fomu zilikuwa kwenye droo ya jikoni, chini ya karatasi za matangazo ya pizza. Binti yangu, siku moja alipokuja nyumbani, alinikuta nikimdanganya ba'mkubwa wake, akasubiri nikate simu, akaniambia, "Mum, just tell him." Nikamfokea akapike.

Mama alipokuja kututembelea, nilijua moyoni hakuja kuona wajukuu tu.

Nirudi makaburini. Baada ya kulia nilikwenda kutafuta maji ya kuosha bamba, na bomba lilikuwa mbali. Niliporudi na ndoo nilikuta mama amefanya kazi ambayo sikuitarajia. Alikuwa ameng'oa nyasi zote, urefu wa mtu aliyelala na upana wake, amezirundika kando, na sasa alikuwa anaufagia udongo ule mweusi. Aliufagia kutoka kichwani kwenda miguuni, mstari kando ya mstari, jinsi uwanja unavyofagiwa asubuhi kwa mtu anayetegemea wageni. Katika uwanja mzima wa kijani, mume wangu peke yake ndiye aliyekuwa ardhi tupu.

"Mama! Watatufukuza hapa!"

"Wafukuze. Kwanza apumue."

Mfanyakazi wa pale alituona, akaja na kigari chake. Alikuwa mzee wa makamo kutoka Mexico, kofia pana, mikono imekomaa. Hakupiga kelele. Alishuka, akautazama udongo, akamtazama mama na ufagio wake, akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba hawezi kuliacha hivi. Mvua moja ya Houston, alisema, na udongo wote utahamia kwa jirani. Nyasi ndizo zinazoushika.

"Anasemaje?" mama aliuliza. Nilipomtafsiria alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwambie maneno hayo niliyasikia kabla hajazaliwa. Ndivyo alivyoambiwa baba."

Babu yangu, nilijua, alikuwa mtunza makaburi. Hilo lilisemwa nyumbani jinsi unavyosema fulani alikuwa seremala, na mimi sikuwahi kuuliza zaidi. Mama alimsimulia yule mzee wa Mexico, nikitafsiri, na kwa kweli mimi nilikuwa nasikia nusu yake kwa mara ya kwanza.

Baada ya vita vile vya kwanza, huko kwetu Taita walikozikwa askari wengi wa kigeni, babu aliajiriwa kutunza makaburi yao katika mji mmoja mdogo wa reli. Wenye kazi walikuwa ng'ambo. Nairobi kulikuwa na karani, na mara moja kwa mwaka alikuja mkaguzi kwa treni. Babu alipewa jembe, ndoo, toroli na daftari ambalo hakuweza kulisoma. Hakuna aliyemweleza kaburi lililotunzwa vizuri linakuwaje, naye hakuuliza, kwa kuwa alidhani anajua. Kwetu uwanja wa mtu anayejiheshimu hauoti nyasi. Nyasi mlangoni maana yake wenyewe wamehama, au ni wavivu, na nyoka wako njiani. Basi babu aling'oa nyasi zote, safu kwa safu, akaufagia udongo mwekundu kila alfajiri. Siku ya mkaguzi kuja alifagia mara mbili.

Mkaguzi aliposhuka na kuona jangwa lile, alikalia sanduku lake. Alikuwa na mchoro mkononi, mawe meupe na majani mabichi, bustani kama za kwao. Alisema maneno mengi, na babu alitabasamu muda wote akidhani anasifiwa, hadi karani alipoanza kutafsiri.

"Kwa hiyo akapanda nyasi," mama alisema. "Akazimwagilia maji mpaka uzeeni. Lakini baba hakuzipenda hata siku moja. Alikuwa akisema nyasi hazikwambii mtu amekuja lini. Ufagio unakwambia."

Yule mzee alisikiliza hadi mwisho. Akavua kofia, akasema kaburi la baba yake liko kijijini kwao, hajalitia macho miaka kumi na nane, dada yake ndiye anayeling'olea magugu. Kisha akaenda nyuma ya kigari akaleta mkasi mkubwa wa majani, akampa mama. Alimwonyesha kwa ishara kwamba nyasi atazirudisha, hana budi, lakini pembeni mwa bamba mashine haifiki, panataka mkono wa mtu. Mama alipokea ule mkasi, akapiga magoti tena, na wote wawili wakaanza kazi, yeye kwa Kiswahili, mwenzake kwa Kihispania, wala hawakunihitaji tena. Mimi niliketi kwenye benchi nikiwatazama wakinifanyia kazi yangu.

Kwenye gari niliwasha kiyoyozi na sikuondoka. Mama alijipangusa shingo kwa kanga.

"Nimetumwa," alisema.

"Najua."

"Shemeji yako alikuja mpaka nyumbani. Alisafiri, akakaa kwenye kiti cha baba yako, hata chai hakumaliza. Aliniambia, mama, zungumza na binti yako, aturudishie mtu wetu. Nikamwambia nitazungumza."

Nilishika usukani kana kwamba tuko mwendoni. Nilikuwa tayari kujitetea, nimeshapanga maneno yote ya permit na county.

"Sasa nisikilize," mama aliendelea. "Wale askari walikuwa na mama zao. Barua zilikuwa zikija kwa karani, naye akija anamsomea baba. Nyingine ziliomba picha ya kaburi. Nyingine ziliomba kujua kama kuna kivuli. Na nyingine zilisema neno moja tu: nirudishieni mwanangu. Serikali yao ilikuwa imekataa, kila mtu akae alipoangukia. Baba alisema barua hizo za mwisho ndizo zilizomnyima usingizi. Alisema, ningekuwa na uwezo ningewabeba mgongoni mmoja mmoja mpaka melini."

"Kwa hiyo wasema nimrudishe."

"Sijamaliza, mbona una haraka?" Alikunja kanga mapajani. "Baba alikuwa na kaka yake. Alichukuliwa upagazi katika vita vile vile, kubeba mizigo ya hao askari. Hakurudi. Hakuna jiwe, hakuna kibao, hakuna aliyeandika popote. Bibi yangu, mama yake baba, alimngojea hadi alipokufa. Wapagazi walikufa wengi kuliko wenye bunduki, na katika makaburi yale aliyoyatunza baba hakukuwa na hata mmoja. Siku moja nilikuwa msichana, nina mdomo, nikamwuliza: baba, unawezaje kuwaoshea mawe watu hawa, na kaka yako hawakumpa hata fimbo ya kuchomeka?"

"Akasemaje?"

"Alikasirika. Mara yangu ya kwanza kumwona amekasirika. Akasema, unadhani sijui? Akasema, mimi nimewashika watoto wa watu ili huko alipo kaka yangu, kama kuna mtu anapita, naye apalilie. Ndiyo bei niliyoweka mwenyewe. Halafu akaenda zake kazini."

Nje ya gari yule mzee wa Mexico alikuwa anakanyagia vipande vya nyasi vishike. Nilimwonea wivu babu yangu kwa jinsi alivyojua anachokifanya na kwa nini.

"Mwanangu," mama alisema, "mimi sijui lililo sawa. Ukimrudisha, ni kwao. Ukimwacha, yuko na mkewe. Yote mawili watu wameyafanya, na jua limechomoza. Lakini hili ulilofanya wewe sijawahi kuliona. Hujamrudisha na hujamweka. Umemwacha kituoni. Hebu niambie unataka nini, hapa tuko wawili."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo, na mimi sikuwa nimejiuliza. Jibu lilitoka kabla sijalipanga.

"Namtaka hapa," nilisema. "Wakimchukua Machakos, nitamwona mara moja kwa miaka mitatu, na nitakuwa mgeni pale. Nimeishi naye huku. Tumenunua sufuria huku, tumegombana huku, tumelea huku. Namtaka hapa, mama, na naogopa kumwambia ndugu yake."

"Basi mwambie hivyo hivyo. Usimfiche mtu nyuma ya makaratasi."

Jumapili iliyofuata sikungoja apige. Baada ya ibada nilikwenda makaburini na mama, nikamwacha garini na kiyoyozi, nikatembea mwenyewe, na safari hii sikupotea. Nyasi zilikuwa zimeanza kushika. Bamba lilikuwa safi, pembeni mwake mstari mwembamba wa udongo pande zote nne. Kwa kina shemeji ilikuwa jioni. Nilipiga simu ya video, akaitika, nyuma yake ukuta wa nyumba yao na kalenda ya kanisa.

"Shemeji," nilisema, "nimekudanganya. Hakuna permit. Sijawahi kuomba."

Nilidhani laini imekatika.

"Sitaki kumrudisha. Nilikwambia yuko huku kwa muda, na nilimwacha kama mtu wa muda, hadi nyasi zikamfunika. Sikuja. Hilo ni kosa langu na nakuomba msamaha. Lakini namtaka akae karibu nami. Ukikataa tutazungumza na wazee, nitakuja nikae mbele yenu mniseme. Ila sitakuficha tena."

Nilijiandaa kutukanwa. Nilijiandaa kukatiwa simu. Yeye alitazama pembeni.

"Siku ile ya mazishi," alisema mwishowe, "tulikuwa hapa sebuleni, watu wote, tumeweka simu juu ya meza. Mlisema kila mmoja atapewa nafasi ya kumuaga ndugu. Mimi nilivaa suti. Zamu yangu ilipofika, mtandao ukapotea. Uliporudi, mlikuwa mmeshamfukia."

Sikujua. Naapa sikujua. Siku ile nilikuwa natazama shimo, sikuwa natazama simu.

"Sikutaka kukusumbua, shemeji, ulikuwa na msiba. Nikasema, si kitu, watamleta, nitamwambia akifika. Nimengoja afike nimwambie." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Mifupa haina kazi kwangu. Ni maneno nilikuwa nayo."

Nilimwambia kwamba hivi sasa nimesimama alipo. Nikageuza simu ili aone bamba na jina. Akavuta pumzi kwa nguvu, akaniuliza kichwa kiko upande gani, nikamwonyesha. Akaniomba nimweke chini.

Niliiweka simu juu ya nyasi, upande wa kichwa, nikaiegemeza kwenye kiatu changu nilichokivua ili isianguke. Nikaanza kurudi kuelekea gari. Alikuwa ameshaanza kusema, kwa Kikamba, ambacho mimi najua salamu zake tu. Alianza kwa kumwita. Alimwita kwa jina ambalo katika miaka ishirini na sita ya ndoa sikuwa nimewahi kulisikia, jina la utotoni labda, akalirudia mara tatu, jinsi unavyomwita mtu aliye chumba cha pili.

Mama alishusha kioo akauliza mbona natembea na kiatu kimoja. Nikamwambia wanaongea.